Namba Saba Iko Ukutani

Kabla ya kwenda kufanya kazi Saudia, mama aliniachia komiki zake akaniambia nizitunze kuliko ninavyojitunza mwenyewe. Hiyo ilikuwa rahisi, kwa sababu mimi hata meno napiga mswaki kwa msimu. Ni vitabu kumi na kimoja vya msichana anayepanda fahali mwenye mabawa, akipigana na majitu yanayokunywa mito mpaka ikauke. Mama alivinunua akiwa mdogo, kimoja kimoja, kwa mzee wa mitumba pale Litein. Jumapili tukitoka kanisani alinisomea, na sauti ya jitu aliifanya nzito mpaka kuku wakatoka mbio chini ya meza.

Shida ilikuwa namba saba. Mwisho wa namba sita msichana anaingia ziwani. Namba nane ikianza, ana kovu shavuni na fahali amekataa kuongea naye. Nilipouliza katikati kulitokea nini, mama alisema nikamuulize mama yake, kwa uso wa mtu mwenye kesi ya zamani.

Miaka miwili sasa tangu aende, nimeitafuta Litein na Kaplong mpaka wauza vitabu wakiniona wanatikisa kichwa mapema. Mwalimu wetu wa Kemia alininyang'anya namba tatu darasani. Aliirudisha baada ya wiki, akaniuliza polepole kama nina namba nne.

Likizo ya Desemba nilikuwa Kapkatet kwa kogo, nyanya yangu huyo mwenye kesi. Nyumba yake ni ya udongo, na kila Krismasi anabandika magazeti mapya ukutani kwa uji wa unga wa ngano. Nyuma ya kalenda ya kanisa habandiki upya. Anasema ni kupoteza unga mahali mgeni haoni. Mimi ndiye niliyetumwa kuitoa kalenda, na nyuma yake nikakuta pembe ya fahali.

Kurasa nane za namba saba, zimebandikwa kwa mstari kama wanafunzi wa asubuhi. Upande mmoja unaniangalia mimi, mwingine unaangalia udongo.

"Kogo, hii ni ya mama."

"Ilikuwa ya mama yako," akasema. "Sasa ni ya ukuta."

Nilimtumia mama picha. Alipiga simu, akacheka. Akasema zile pande zilizofichika anazikumbuka zote. Tangu hapo, kila Ijumaa, siku yake ya kupumzika, ananitumia ukurasa mmoja kwa ujumbe wa sauti. Jitu siku hizi linanong'ona, kwa sababu watoto wa tajiri wake wamelala chumba cha pili.

Ukurasa wa nne ulikuwa mrefu kuliko yote. Msichana alivuka ziwa kutafuta chumvi ya fahali wake, lakini fahali, aliyebaki ufukweni, akafikiri ameachwa. Niliusikiliza mara tano. Halafu, kwa sababu mimi ni mjinga, nikataka kuuona. Kogo akiwa shambani anachuma chai, nikachukua maji ya moto na kijiko, nikaubandua ukurasa huo pole pole.

Nyuma kulikuwa na tangazo la sabuni. Mwanamume mnene, beseni, povu. Hakuna chumvi wala ziwa.

Nilikaa chini nikiangalia lile povu. Baadaye nikakoroga unga. Kogo alipoingia na kikapu mgongoni aliuliza ninaharibu nini tena.

"Narudisha ukuta wako," nikamwambia.

Aliangalia mikono yangu, akasema uji wangu ni mwepesi, akaongeza unga mwenyewe.

Zimebaki kurasa tatu. Ijumaa iliyopita mama alipiga simu badala ya kutuma ujumbe, akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, kama nimewahi kujaribu kuzibandua. Nikamwambia kwamba kogo amekataa kabisa, nikigusa tu atanichapa fimbo. Kisha akashusha sauti, na jitu likaanza kunong'ona.