Mbwa wa Pua Fupi Niliyempelekea Mama Lukafu

Nilisafiri kwa sababu nyumba ya mama ilikuwa kimya. Baba alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa kifua, na mbwa wao mzee akamfuata kabla mahindi hayajavunwa. Kila nilipompigia mama simu kutoka Lubumbashi, aliniambia siku hizi anaongea na masufuria. Nikaamua kumpelekea mtoto wa mbwa.

Kampemba, mtaa jirani na kwangu, kuna muuza vitenge anayeitwa Mama Ornella. Mbwa wake wa Kifaransa alikuwa amezaa, wale wafupi wenye masikio ya kusimama na uso uliobonyea. Nilimpenda mmoja wa kijivu, jina lake Bijou. Haki ya Mungu, yule mama alinieleza kila kitu kabla hajaniachia mbwa.

"Papa, ii imbwa pua yake iko mufupi, haipemi muzuri, pumuzi yake iko kidogo. Joto njo adui yake. Saa sita umuache ndani, pa simenti, na maji ya baridi. Akianza kupema na nguvu, umumwangie maji mbio. Unasikia?"

Nilimwambia nimesikia.

Alfajiri ya safari nilipanda kwenye kabini ya lori lililopeleka chumvi na sabuni. Ilikuwa Oktoba, mvua bado, na kufikia saa tatu vumbi jekundu lilikuwa limeingia mpaka kwenye meno. Bijou alikaa kikapuni mapajani pangu. Dereva, Muhindo, mtu wa Kivu, alimtazama sana.

"Vieux, mzee wangu, ii imbwa inachoka na nini? Njo weye unaibeba."

"Njo vile iko," nikamjibu.

Kila tuliposimama nililowesha kitambaa nikamfunika mgongo. Kwa hiyo nisije nikajitetea hapa kwamba sikujua.

Saa nane mchana tulifika Lukafu. Mama alimpakata Bijou kama mjukuu, na yule mdogo, kwa uchovu wa njia, akalala papo hapo na kuanza kukoroma. Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

"Ona, anakoroma sawa baba yako." Kisha akaniuliza, "Iko na kitu ya kujua juu yake?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Mama amelea watoto sita kwa muhogo na maji ya kisima. Nimwambie nini, kwamba mbwa huyu anadai kivuli na maji ya baridi kuliko binadamu? Angesema mji umenila akili, pengine angeniambia nimrudishe. Niliona aibu.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Iko imbwa sawa ingine."

Siku ya pili, jua likiwa utosini, nilikwenda kumsalimu mjomba ng'ambo ya mto. Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye. Bijou alikimbizana na kuku uani mpaka pumzi ikaanza kumkwaruza. Mama aliisikia sauti ile akaitambua, maana ndivyo baba alivyopumua wiki zake za mwisho. Akafanya kile tunachokifanya kwetu kwa kila kifua. Alichemsha majani ya mkaratusi, akamweka Bijou kando ya sufuria, akamfunika pamoja nayo kwa blanketi la baba ili amfukize.

Nilipoingia uani nilimkuta amepiga magoti, ameshika pindo za blanketi mvuke usitoke.

"Iko na kifua sawa baba yako," alisema. "Lakini sasa anatulia."

Nilivuta blanketi. Ulimi wa Bijou ulikuwa wa zambarau. Nilimmwagia ndoo nzima ya maji, nikampepea, nikamwita jina lake. Hakufumbua macho.

Tulimzika nyuma ya jiko. Mama hakulia, na ningefurahi kama angelia.

"Miye njo nimemuua," alisema. "Na baba yako nilimufukiza vile vile."

Sikuweza kulisikia hilo nikanyamaza. Nilimwambia yote aliyonieleza Mama Ornella, neno kwa neno. Alikung'uta udongo mikononi, akaingia ndani.

Kwa hiyo ninyi wa nyumbani mnaowatamani mbwa hawa kwa sura zao, jueni kwanza kwamba pumzi yao ni ndogo. Joto linawaua, mbio za mchana zinawaua, na kukoroma kwao si mafua. Ulizeni mnakowatoa. Halafu atakayebaki nao mumwambie yote, hata kama mnaona haya. Mimi niliambiwa yote, nikayakalia.

Asubuhi ya kurudi, mama alinisindikiza mpaka barabarani, kikapu kitupu akikibeba yeye. Lori la Muhindo lilikuwa linanguruma. Alinipa kikapu, lakini mkono wangu hakuuachia.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi na baba yako. Pale hospitali, iko kitu docteur alikuambiaka, ukanificha?"

Hakukuwa na kitu. Daktari alisema mbele yetu sote kwamba mapafu yamechoka, hakuniita pembeni, hakuniongezea neno.

"Hapana, mama," nikamjibu, kwa sauti ileile niliyomdanganyia juu ya Bijou.

Alitikisa kichwa polepole, akauachia mkono wangu.