Ndevu za Kovalevskaya

Tangu Agripina aondoke, ghala letu la Baiyun, hapa Guangzhou, limekuwa kimya siku za kupakia. Hakuna tena anayesema, "Subirini, nifungue kwanza nitazame." Maboksi yanapakiwa kama yalivyotoka kiwandani, na kontena linaelekea bandari ya Nansha.

Alikuwa mwalimu wa kemia kutoka Kasulu, aliyekuja Guangzhou kwa ufadhili. Mwalimu wake mwenyewe alisomea Moscow na alimwambukiza mapenzi ya wanasayansi wa Kirusi. Kwa hiyo alipomaliza shahada, aliagiza chati za ukutani kwa shule za wilaya yake: Mendeleev na jedwali la elementi, Pavlov na mbwa wake, Tsiolkovsky aliyewaza roketi za kwenda anga za juu kabla hazijakuwapo. Na Sofia Kovalevskaya, mwanahisabati. Huyo ndiye aliyemtaka hasa. Wasichana wake walikuwa wakimwambia hesabu si zao, naye hakuwa na sura ya kuwaonyesha.

Siku ya kupakia alikata utepe wa boksi, akakunjua chati. Mbwa walikuwa wamewekwa kwa Mendeleev. Jina la Kovalevskaya lilikuwa chini ya mzee mwenye ndevu. Mwanamke hakuwamo kabisa.

Akampigia laoban, mwenye kiwanda, simu ikiwa kwenye spika.

"Chabuduo," laoban alisema. Yaani inakaribia kuwa sawa. Kila mfanyabiashara hapa ameshalimeza neno hilo. "Wote Warusi, wote wa zamani. Kuchapa upya, wiki moja."

Kontena lilikuwa la kuchangia. Mmoja akichelewa, wote wanachelewa.

"Maman Agripina," alisema Bonaventure wa Lubumbashi, ambaye vigae vyake vilijaza nusu ya kontena, "bandika karatasi, sahihisha majina, twende."

"Majina nitasahihisha, Papa Bona. Huyu mama nimtoe wapi?"

"Mnyoe huyo mzee ndevu!"

Ghala zima likacheka. Agripina hakucheka. Aliomba wiki moja. Viza yake ilikuwa inakwisha mwezi ule, na kontena jingine asingeliwahi.

"Non, Maman," Bonaventure alisema kwa upole. "Wateja wangu wananingoja. Pakia hivyo hivyo."

"Nipeleke mzee, niwaambie ni mwanamke?"

"Watoto watajuaje?"

"Hawatajua. Ndiyo ubaya wenyewe."

Akaanza kuyashusha maboksi yake mwenyewe, moja moja, na nafasi yake ikajazwa vigae kabla hajamaliza. Laoban, aliposikia mzigo haukusafiri, aliacha kupokea simu, asije akadaiwa. Mji huu unachapa sura yoyote utakayo, kwenye vikombe, kwenye fulana, kwenye soksi. Kila nikipita Pazhou wakati wa maonyesho ya biashara, nikiona mabango yale marefu, nashikwa na hasira ambayo sijui nimpelekee nani.

Alipanda ndege na sanduku moja la nguo, bila chati hata moja.

Agripina sasa yuko Kasulu. Anafundisha kemia na hisabati, kidato cha pili.