Ubishi wa Doviki wa part three nusura univunjie posa ya Ngumbo

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hiki ni kisa changu mwenyewe, chumvi sijaongeza. Anayebisha aje Mbinga nimuoneshe banda lenyewe.

Kwa wasiocheza gemu: kuna jamaa wa kwenye gemu anaitwa Doviki, kazi yake magendo, anavusha mizigo kwa boti.

Part one na part two ni mtu wa masihara mwanzo mwisho. Anapigwa risasi huku anatania.

Part three karudi mtu mwingine kabisa. Hacheki, haongei, anaua anaondoka zake.

Hapo ndipo banda la Bi Zuhura likagawanyika.

Bi Zuhura ni mama wa Kilwa, ana duka la nguo pale mjini, na kwenye chumba cha nyuma kaweka TV na PS ya kuchezea gemu. Unalipia muda. Sasa ukishalipia muda, nani akae kutazama wazungu wanaongea? Stori ikianza tu banda zima linapiga kelele, "Ruka hiyo!" Unabonyeza, unaingia kwenye mapigano. Ndivyo tulivyocheza zote tatu.

Mimi nilikuwa upande wa part three. Nilisema Doviki kakomaa, mwanaume hachekicheki ovyo.

Rafiki yangu Oswin akasema wamemuharibu. Oswin tumekua wote Mbuji, tumechuma kahawa wote. Ni mtu wa maneno huyo, anaweza kumchekesha hata mfiwa.

Shida ni kwamba Oswin ndiye alikuwa mshenga wangu.

Alishashuka Ngumbo, kule Ziwa Nyasa, kubisha hodi kwa kina Kandida, mchumba wangu, na wakampokea vizuri. Ilibaki Jumamosi kupeleka posa. Na kwetu mshenga aliyebisha hodi ndiye anayemaliza. Ukimbadilisha, wakwe wanajiuliza yule wa kwanza kaona nini mpaka akakimbia.

Basi wiki hiyohiyo ubishi ukapamba moto. Nikamwambia mbele za watu, "Wewe unampenda Doviki wa zamani kwa sababu na wewe ni kelele tupu."

Watu wakacheka. Oswin hakucheka. Akaweka padi ya gemu chini.

"Sawa. Jumamosi katafute mkimya mwenzako akakusemee."

Nilidhani utani jamani. Nikapiga simu, hapokei. Nikaenda kwake, naambiwa katoka, na viatu vyake naviona mlangoni.

Baba mkubwa akaniita. Nikatoa shikamoo, ikaitikiwa nusunusu.

"Nasikia mshenga kajitoa. Mmegombania nini? Shamba?"

Utaanzaje kumwambia mzee wa Kimatengo mwenye mashamba yake kwamba tumegombania mtu wa kwenye TV? Akasema bila Oswin haendi mtu, yeye hawezi kwenda kuaibika kwa Wanyasa.

Niliogopa wakuu, sitaki kuwadanganya. Kandida nampenda, na baba yake si mtu wa kufunguliwa mazungumzo mara mbili. Nikawa sili vizuri.

Ikabidi nimweleze Kandida mwenyewe. Anafundisha Kiingereza sekondari hapahapa Mbinga. Alinitazama weee, mpaka nikaona aibu.

"Kwa hiyo ndoa yangu imekwama kwa Doviki?"

Akampigia Oswin palepale. Simu ya shemeji ikapokelewa haraka, mshenzi yule! Akatukusanya kwa Bi Zuhura, akakaa kwenye benchi katikati yetu kama anasimamia mtihani.

"Weka mwanzo wa part three. Na asiruke mtu."

Tukatazama, yeye anatafsiri.

Kumbe gemu linaanza na mazishi. Anazikwa Pilo, yule kibonge aliyekuwa anakaa nyuma ya boti part one na two. Masihara yote ya Doviki, wakuu, alikuwa anamtania yule kibonge! Sisi part three tulipoona hayupo, tulidhani watengenezaji wamemtoa tu kupunguza kazi.

Doviki kasimama kaburini. Mtu anamuuliza, mbona leo huongei?

Kandida akatafsiri taratibu. "Anasema, nitaongea na nani?"

Hata Bi Zuhura aliacha kukunja vitenge.

Nilitaka kumwangalia Oswin nikashindwa. Yeye ndiye akaanza, macho bado yako kwenye TV.

"Jumamosi gari inaondoka saa ngapi?"

Nikamwambia, "Nisamehe ndugu yangu."

"Nyamaza bwana, usije ukanililia hapa mbele za watu."

Tukashuka Ngumbo. Muoaji huruhusiwi kufungua mdomo kwenye posa, hivyo nilikaa tu mkekani. Oswin alimwaga maneno mpaka mama mkwe akawa anafuta machozi kwa kicheko. Posa ikapokelewa, tukaletewa ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma, baba mkubwa akaongezewa mara mbili.

Nilichojifunza: kabla hujasema fulani kabadilika, uliza kwanza kampoteza nani.

Haya wakuu, mliocheza bila kuruka stori, nanyi mko upande gani? Na kama kuna rafiki ulimnunia kwa ubishi wa kijinga kuliko huu, hebu tusimulie, tusijione wajinga peke yetu.

Oswin nimemsomea uzi huu kabla sijaupandisha. Anasema bado part three wameiharibu, kwa sababu Pilo hakutakiwa kufa.

Sikubishana naye.