Mama Hayupo

Mjini Sumbawanga, ni watu wachache waliojua kwamba yule bibi mfupi mwenye magoti mabovu aliitwa Bertilla. Alikuwa Mama Edith, basi. Alitokea Chala, akaolewa na Felisiani, fundi seremala, wakajenga pembeni ya mji. Kila siku jina la Edith lilitajwa mlangoni na watu ambao Edith mwenyewe hakuwajua, naye tangu utotoni akawa anawaonea wivu.

Maana mama yake alikuwa wa watu. Mwanamke akijifungua, Mama Edith aliwakusanya wenzake wa jumuiya wakamlimie shamba lake la ulezi. Penye msiba alifika wa kwanza, sufuria kichwani. Felisiani alipofariki, watu walidhani atatulia. Wapi! Aliondoa misumeno na mbao karakanani, akatandika magodoro, akaanza kupokea wajawazito wa bondeni, wa Milepa na Kaoze, waliopanda mlima kuja kungojea siku zao karibu na hospitali na hawakuwa na ndugu mjini.

Edith alikuwa na miaka kumi na moja siku aliporudi kutoka shuleni, upepo wa Julai ukikata masikio, akakuta sweta lake limevaliwa na mgeni.

"Wewe ni Mfipa, baridi umezaliwa nayo," mama alimwambia akicheka. "Mwenzako anatoka kwenye joto."

Edith hakucheka.

Akakua, akapata kazi ya ukarani serikalini, akaolewa na Lwitiko, mwalimu kutoka Mbeya. Magoti ya mama yalipokataa kabisa, alimhamishia kwake, mtaa wa Jangwani. "Umewahangaikia watu vya kutosha, mama. Pumzika." Mama akakabidhi funguo za nyumba yake. Akawafundisha wajukuu kuchambua maharage na kumwamkia kila mkubwa, hata mwendawazimu wa sokoni.

Lakini wanawake wa bondeni walimfuata huko huko. Mmoja alilala sebuleni wiki tano. Alipoondoka, Edith alisema, "Mama, hapa si zahanati."

"Sawa, mwanangu," mama alijibu.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, geti likagongwa. Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, tumbo mbele, ndoo ya plastiki mkononi, kanga imelowa chapachapa.

"Shikamoo mama. Naitwa Hilaria, natoka Kaoze. Namtafuta Mama Edith."

"Marahaba. Mama hayupo. Amesafiri, yuko Chala."

"Atarudi lini?"

"Labda baada ya Pasaka."

Binti aliangalia juu, akaangalia barabara ilivyojaa tope. "Haya, asante," akasema, akageuka.

Jikoni nyuma ya nyumba mama alikuwa anapuliza mkaa. "Nani huyo?"

"Mtu kapotea njia."

"Na mvua yote hii," mama alisema, akaendelea kupuliza.

Kuanzia kesho yake mama akawa anakwenda misa ya asubuhi, na fimbo yake, kila siku. Alirudi mchana, miguu imevimba. Alikuwa na nia anayoiombea, ndivyo alivyosema. Edith alimgombeza: "Utaanguka barabarani, watu waseme nimekutupa!" Mama aliinama akijikanda magoti, akaomba maji ya moto. Wiki tatu zilipita hivyo, kisha safari zikakoma, na Edith akashukuru.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, homa ya mapafu ikamchukua Mama Edith kwa siku nne tu. Waombolezaji walijaa uani wakafurika mpaka kwa majirani. Malori mawili yalipanda kutoka bondeni. Siku ya tatu baada ya maziko, Hilaria alifika, mtoto mgongoni, ameongozana na Agnesi, rafiki wa mama katika jumuiya. Akapiga magoti mbele ya Edith, wanawake wote mkekani wakisikia.

"Pole sana mama. Nimekuja na kukushukuru."

"Kunishukuru mimi?"

"Ile siku nililala stendi. Asubuhi nikamwona bibi anakuja na fimbo, anauliza watu, yuko wapi binti wa Kaoze. Akaniambia, 'Mwanangu hakujua kama nimesharudi. Alipojua, hakupata raha mpaka akanituma nikutafute.' Akanipeleka kwa Mama Agnesi huyu. Kila siku akaniletea uji. Mtoto akakataa kutoka, nikapasuliwa. Ningekuwa kule kwetu, tungekufa wote wawili." Akamfungua mtoto mgongoni. "Tumempa jina lako."

"Kama mama, kama mwana," mwanamke mmoja alisema mkekani, na wengine wakaitikia.

Edith akampokea mtoto. Alimtazama Agnesi, na Agnesi akainamia vidole vyake. Agnesi alijua ukweli.

Mama, aliyewahi kumchapa Edith kwa uongo wa yai moja, alikuwa amedanganya kwa ajili yake. Alikuwa amesikia kila neno la getini. Akabeba uji asubuhi, akarudi mchana, akagombezwa kama mtoto, akanyamaza. Kwa nini hakusema? Edith angekasirika, angebisha, angelia hata. Ukimya ule alipewa kama heshima, na sasa hakuwa na wa kumrudishia.

Siku nzima alikaa na sifa zile, hakuzikana. Kesho yake asubuhi Hilaria alikuwa anafunga mizigo ili awahi lori. Edith akamwita pembeni.

"Hilaria, mama hakuwa amesafiri. Alikuwa jikoni. Nilikudanganya. Na sikumtuma."

Hilaria alikaza kanga ya mtoto, akaifungua, akaikaza tena. "Kwa nini?"

Edith alitafuta sababu kubwa, hakuipata. "Nilikuwa nimechoka na wageni."

"Mimi nilikuwa nimechoka zaidi," Hilaria alisema.

Hakumlaani, wala hakusema amemsamehe. Alipanda lori, akamgeuzia mtoto uso upande ambao upepo haukumfikia.

Wiki mbili baadaye Edith alikwenda kwa Agnesi. "Wakija wengine, walete kwangu."

"Nitawaambia," Agnesi alijibu. "Ila sitamlazimisha mtu."

Tangu hapo wamekuja wanne. Edith huamka alfajiri, akakoroga uji wa ulezi kabla ya kwenda kazini. Majirani wanasema amerithi moyo wa mama yake, naye hutamani kuwafunga midomo. Wa nne, binti wa Milepa, analalamika chumvi, analalamika baridi, na juzi amevunja birika la udongo. Edith alihisi uchovu ule ule wa siku ya mvua ukipanda kifuani, haujapungua hata chembe. Akaokota vipande, akaenda kuteka maji.

Namba ya simu ya Hilaria alipewa na Agnesi. Ameiandika nyuma ya kalenda ya jikoni. Bado hajaipiga.