Upande Aliolala Mama

Mimi huandika riwaya za mapenzi. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize, maana nimezoea. Hapa Makongeni, katika nyumba hizi za reli ambako baba alituleta tukiwa wadogo, watu hunijua kama yule mama wa mapenzi. Wanawake hunisimamisha kwenye foleni ya maji kuniuliza kama daktari wa kitabu kilichopita alimwoa kweli yule muuza mitumba au alikuwa anampotezea wakati. Wanaume huniuliza mume wangu yuko wapi. Nilikuwa naye, akaenda zake, na hiyo ni habari fupi isiyotosha hata sura moja.

Vitabu vyangu ni vyembamba, na kwenye jalada huwa pana mwanamke nisiyemjua anayechungulia dirishani. Huuzwa kando ya barabara pamoja na kamusi na Biblia za mfukoni. Siku hizi wasomaji wengi hunipata kwenye simu. Nawatumia sura moja moja, na nikichelewa wananitukana. Ni kazi kama kazi nyingine, na huwa nakasirika mtu anapoiita kipaji, kwa sababu baada ya hapo hutaka kusoma bure.

Msikilizaji wangu wa kwanza alikuwa mama. Macho yake yalikuwa yamechoka, hivyo nikimaliza sura nilivuta kigoda, nikakaa upande wake wa kulia, nikamsomea karibu na sikio huku yeye akichambua mrenda kwenye sinia. Ilikuwa lazima uwe kulia. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa zamani. Wageni walipokaa upande usiofaa, aliwaitikia kwa kichwa tu na kucheka mahali pasipochekwa, nao wakaondoka wakisema mama yangu ni mpole ajabu.

Upole gani! Kwenye kazi yangu hakuwa na huruma hata chembe.

"Huyu mwanamume anakula saa ngapi?" aliniuliza siku moja. "Tangu aanze kupenda hajaonja kitu. Mpe hata ugali."

Sura ikimchosha alianza kuimba wimbo wa kanisa chini kwa chini, nami nikajua pa kukata. Vitabu vyangu vyote vimepita chini ya nyimbo hizo. Lakini neno lake lililonikaa ni lile alilolisema tukiwa katikati ya kitabu ambacho wasomaji walikipenda kuliko vingine vyote.

"Wanaume wako hawana mikono."

"Vipi, mama? Si huyu amemkumbatia sasa hivi?"

"Hawana mikono," akarudia, akatupa bua la mrenda kwenye karai. "Wanaongea tu. Haya, endelea."

Alijua kwa nini hawana, na mimi nilijua. Baba alikuwa karani wa reli na mzee wa kanisa. Hakunywa wala hakutembea ovyo. Ugonjwa wake ulikuwa maneno. Alirudi kazini na mashtaka ya siku nzima, chai imepoa, shati halikupigwa pasi sawasawa, watu wa kwao mama wamekuja tena, naye mama alikuwa akiyapokea kimya. Jumamosi moja, nikiwa darasa la sita, mama alijibu. Sikusikia alijibu nini. Nilisikia kofi tu, nikiwa kwenye jiko letu la nje na mwiko mkononi. Sauti ile nimejaribu kuiandika mara nyingi, ikakataa. Siku ya pili mama alienda kanisani na kilemba kimeshuka hadi shavuni, na walioulizia waliambiwa ni homa ya sikio. Waliridhika upesi mno.

Ukuta wetu na wa jirani ni mmoja. Jirani yetu, mama Mkamba ambaye mumewe alikuwa dereva, hakuuliza chochote. Alileta uji.

Baba hakurudia kumpiga, angalau sisi watoto hatukuona. Maneno ndiyo yaliendelea, na sasa yalihamia kitandani. Sisi tulilala upande wa pili wa pazia, tukawa tunasikia yote. Wiki ile ile mama alihama upande wa kitanda. Zamani alilala kushoto kwa baba, penye ukuta. Akahamia kulia kwake, akawa analala kwa ubavu, sikio zima limezama kwenye mto, lililokufa likiwa juu linamsikiliza mume. Baba alisema, akasema, akasema. Mama alilala usingizi mnono, hata akakoroma. Baba alidhani ni kiburi. Nadhani hakupata kujua kwamba alikuwa akihubiria shimo alilolichimba yeye mwenyewe.

Baba alikufa, tukamzika nyumbani, magharibi, kwenye shamba la ukoo. Mama akabaki nami hapa Makongeni, na ile miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Nasema hivyo waziwazi. Nyumba ilikuwa kimya, mimi naandika mezani, yeye anasafisha mboga, na jioni wapenzi wangu wa karatasi wanagombana na kupatana sikioni mwake.

Kisha tumbo likaanza kumuuma. Tulizunguka hospitali hii na ile, mpaka daktari mmoja akatueleza kwa sauti ya upole, ile wanayofunzwa, kwamba tumpeleke nyumbani tukae naye. Nilimlaza kwenye kitanda changu karibu na dirisha nikaendelea kumsomea, maana sikujua kazi nyingine ya kufanya. Tulikuwa tumefika kwenye harusi. Mimi hufanya harusi ndefu, wasomaji huzipenda. Akanishika mkono.

"Hebu waache hao waoane peke yao. Nataka kukuambia kitu."

Nikaweka simu chini.

"Nikienda, mtanipeleka nyumbani. Hiyo sikatai. Lakini wale wazee watataka kunilaza kushoto kwake, si ndio?"

Ndivyo ilivyo katika ukoo wetu. Mke huzikwa kushoto kwa mumewe, na wazee hulichunga jambo hilo kuliko wanavyochunga mipaka ya shamba.

"Kushoto ni hii inasikia itakuwa kwake," akasema, akigusa sikio la kulia. "Mimi nataka ule upande nililala. Hii iliyokufa ndio imwangalie. Wacha aongee mpaka achoke."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, na yeye pia alicheka mpaka maumivu yakamkumbusha. Kisha uso wake ukabadilika, nikaona hachezi. Alikuwa na hofu. Mwanamke aliyelea watoto watano na kubishana na wauza mitumba wa soko la Gikomba kila alfajiri alikuwa anaogopa kulala milele karibu na mdomo ule.

"Na ile karatasi ya mazishi," akaongeza, "usiniandikie mapenzi."

Niliahidi yote mawili. Ningemwahidi nini tena?

Alikufa asubuhi, chai ikiwa jikoni. Jioni zile za matanga nyumba ilijaa watu wa kanisa, watu wa ukoo waliotawanyika huku Eastlands, na mwenyekiti wa mambo yote akawa baba mdogo, ndugu yake baba, anayekaa Shauri Moyo na kutengeneza makabati. Jeneza alilitengeneza yeye mwenyewe, na lilikuwa zuri, sitamnyima hilo. Nilisimama mbele yao nikasema ombi la mama.

Mtu mmoja akaweka kikombe chini.

"Huyo alikuwa mgonjwa," baba mdogo akasema. "Mgonjwa husema mengi."

"Alisema akiwa na akili zake, baba mdogo."

"Sasa tukimweka kulia watu watauliza mzee alikosa nini. Utawajibu nini?"

"Nitawajibu alimpiga sikio likafa."

Nilisema hivyo hivyo, mbele ya mchungaji. Nilitegemea paa lianguke. Halikuanguka. Baba mdogo alinitazama kwa huzuni ya kweli, na hapo ndipo nilipomchukia hasa, kwa sababu hakushangaa. Alijua. Wote waliokaa pale kwenye viti vya kukodi walijua. Mke wa baba mdogo alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake.

"Mwanangu," akasema, "marehemu hashtakiwi. Hilo la kaburi tutaliangalia tukifika."

Hakuna aliyeliangalia. Siku ya kwenda kumchukua mama mochari, baba mdogo alinipigia simu akiwa tayari ametangulia nyumbani. Vijana walikuwa wameshachimba.

"Upande gani?" nikauliza.

"Upande wake."

"Upande wake upi, baba mdogo?"

"Kushoto. Na unajua kaburi ikishachimbwa haiwezi kuachwa wazi. Ikikosa huyu itaita mwingine. Unataka imeze nani? Watoto wa dada yako?"

Hiyo ndiyo mila aliyoniwekea mlangoni. Shimo lililochimbwa haliachwi tupu, na hakuna mtu wa kwetu, hata mimi na simu yangu na vitabu vyangu, anayeweza kusikia hivyo asifikirie watoto. Alijua. Ndiyo maana aliwahimiza vijana wachimbe mapema. Nilikata simu nikiwa Jogoo Road, nikasimama katikati ya njia hadi mwanamke mmoja akaniuliza kama nimeibiwa.

Nilikuwa nakwenda kuchukua programu za mazishi, ile karatasi aliyoisema mama, kwenye saiba, duka la kompyuta linalochapisha. Wasifu wa mama nilikuwa nimeuandika kwa kalamu kavu kabisa. Alizaliwa, akaolewa, akazaa, akauza nguo, akaimba sauti ya kwanza, alisikia kwa sikio moja. Nikafungua programu na katikati nikakuta aya isiyokuwa yangu.

"Hii imetoka wapi?"

"Kuna mzee alituma kwa WhatsApp, madam," msichana wa saiba akasema. "Akasema ni family imekubaliana. Nishaprint zote."

Aya yenyewe ilisema hivi: Marehemu aliishi na mumewe kwa upendo usio na doa, wakisikilizana siku zote za ndoa yao, na sasa anakwenda kulala ubavuni pake ili waendelee na mazungumzo yao matamu. Nilisimama pale nikaisoma tena. Ilikuwa sentensi mbovu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba ilifanana na zangu. Baba mdogo hajasoma kitabu changu hata kimoja, lakini alijua tunavyotengeneza. Unatoa mikono, unabakisha maneno.

Mochari tulikwenda wanawake wawili, mimi na jirani yetu Mkamba. Dada yangu hakuweza kuingia. Ndani mlikuwa na harufu ile ya dawa inayokaa kooni, na mhudumu mmoja mpole aliyetusaidia kumgeuza. Tulimwosha uso, tukampaka mafuta, tukamvika gauni lake la kwaya. Alikuwa amepungua mno, kola ikakaa mbali na shingo. Nilimweleza jirani habari ya kaburi huku nikifunga vifungo. Nilimweleza na aya ile. Yeye alikuwa akichana nywele za mama taratibu, akizipeleka nyuma ya masikio.

"Hii ndio ilikuwa inasikia," akasema mwishowe, kidole chake kikiwa kwenye sikio la kulia. Hakuniuliza. Alikuwa ananiambia.

"Ndiyo."

"Mimi nilisikia ile siku. Kwa ukuta." Akaendelea kuchana. "Nilipika uji. Sikujua nifanye nini ingine."

Kwenye sinia la mhudumu palikuwa na pamba. Nilimegua kipande, nikakiviringa, nikakisukuma taratibu kwenye sikio la kulia la mama.

"Weka ya kutosha," jirani akasema.

Nikaweka ya kutosha. Niliweka mpaka kidole kikahisi haiingii tena, kisha nikashusha kilemba juu yake, kama alivyokishusha ile Jumapili kwenye shavu la pili. Hapo ndipo nililia. Sikuwa nimelia alipokufa. Lilikuwa sikio nililoandikia maisha yangu yote, kila neno nililowahi kuuza lilipita hapo kwanza, na nimelifunga kwa mkono wangu. Sasa nikiandika sijui pa kukata.

Tulimzika kushoto. Kaburi lilikuwa zuri, kuta zimenyooka, na lilikuwa karibu sana na la baba. Jeneza likashuka, mama akakaa anapopaswa kukaa mke wa mtu, sikio lake la kulia likielekea kwa mumewe. Baba mdogo alinikabidhi kipaza sauti ili nisome wasifu. Alikuwa akinitazama. Alidhani nitairuka ile aya, na nafikiri alikuwa ameshajiandaa kuisoma mwenyewe.

Sikuiruka. Niliisoma neno kwa neno, upendo usio na doa, kusikilizana, mazungumzo matamu, yote, mpaka mwisho, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikimsomea jioni nikiwa kwenye kigoda. Watu wakasema amina. Jirani yetu alikuwa amesimama ng'ambo ya kaburi, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Nilimtazama yeye tu nilipokuwa nasoma, kwa sababu pale ni yeye na mimi tu tuliojua kwamba mama hasikii hata neno moja.