Samaki wa Mama na Beseni la Baba

Juzi nilitungua beseni la shaba ukutani ili nilisugue kwa ndimu na majivu. Harufu yake ikanirudisha nyumbani kwetu Kampemba, enzi zile king'ora cha Kampuni ya shaba kilipokuwa saa ya mtaa mzima.

Kila nyumba iliishi kwa shaba. Baba aliiyeyusha mpaka kifua kikamshinda, akafariki. Mama alifulia familia moja ya Wazungu, nao walipohama walimwachia samaki mmoja wa rangi ya dhahabu ndani ya chupa ya jemu. Akamweka katika beseni jeupe la bati lililobanduka rangi ukingoni. Majirani walicheka: samaki gani huyo asiyeliwa? Mama hakujali. Maji ya bomba aliyaacha ndooni siku nzima, mpaka harufu ya dawa iishe. Chakula kilikuwa chembe chache za mkate, basi. Kila asubuhi aliinama kumtazama, akisema, "Samaki hana sauti. Umwangalie mapezi."

Mama alipofariki niliacha shule nilee wadogo zangu wawili. Kilio kilipokwisha, niliona lile beseni bovu linatuaibisha. Nikamhamishia samaki kwenye beseni la shaba la arusi ya wazazi wetu. Nilitaka shaba ya baba imtunze samaki wa mama.

Siku ya tatu alibana mapezi, rangi ikafifia, mwili ukatanda ute. Alikaa juu ya maji akimeza hewa. Mdogo wangu wa mwisho alidhani anatusalimia. Kisha akanishika shati mimi yaya wake, mzaliwa wa kwanza.

"Yaya, na yeye atakufa?"

"Hapana."

Jibu hilohilo nilimpa kuhusu mama. Safari hii nilikusudia liwe kweli.

Nilimkimbilia jirani yetu, fundi Mwislamu wa ukoo wa Maniema, aliyegonga shaba uani kwake tangu alfajiri. Alikuja, akachungulia, akapiga makofi.

"We mukubwa, uko unamupika bila moto! Hii beseni niliitengeneza mimi mwenyewe, ya kunawa mikono. Shaba inalisha bantu, samaki inamuua."

Nikarudisha beseni jeupe. Bahati, ndoo ya maji yaliyotulia ilikuwepo. Desturi ya mama sikuiacha. Nikatia chumvi kidogo. Siku mbili sikumpa chakula, ingawa mdogo wangu alilia kwamba namnyima yatima mwenzetu. Kila siku nilibadilisha theluthi ya maji, wala si yote, nikakaa hapo nikihesabu pumzi zake. Siku ya nne alifungua mapezi, akashuka chini kutafuta mkate.

Aliishi nasi miaka. Mimi nikabaki na mazoea ya mama. Wadogo zangu nao hawakuwa na sauti wakati ule. Aliyeacha bukari, ugali wetu, nusu, aliyejikunyata ukutani, nilimwona kabla hajasema neno. Wote wawili walimaliza shule.

Leo nyundo ya fundi imenyamaza, na king'ora hakiamshi mtu. Beseni jeupe lilitoboka kwa kutu. La shaba halijatiwa maji tena.

Mdogo wangu wa mwisho, sasa mama wa watoto huko mtaa wa Hewa Bora, alinikuta nikilisugua. Hakuuliza habari zangu. Alisimama mlangoni akanitazama polepole, macho, mabega, mikono, jinsi ninavyovuta pumzi.

"Ninaangalia mapezi, Yaya," akasema. "Endelea kusugua."