Ushahidi wa Mzee Bakari

Esta Lukasi alikuwa na chumba kimoja cha biashara Ufukoni, chenye kompyuta, kamera ya mkono na kapeti jekundu la kupigia picha. Alirekodi harusi na kuzichoma kwenye DVD. Mwaka 2008 mkulima mmoja, Americo, alimjia na ombi la namna nyingine.

Jirani alikuwa anamdai shamba la mikorosho aliloachiwa na baba yake, mhamiaji kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Shahidi aliyebaki hai ni Mzee Bakari, na hakuweza tena kuinuka kitandani. Esta akaenda kumrekodi. Mzee alisema bila kusita: "Shamba lile baba yake Americo alilinunua. Siku ya kupima, kamba niliishika mimi."

Esta alichoma nakala mbili kwa kasi kubwa kuliko zote, maana wateja wa harusi walikuwa wakimsubiri. Juu akabandika stika nzuri yenye jina. Zilicheza vizuri kwenye kompyuta yake, akaridhika.

Siku ya baraza la ardhi waliwasha jenereta, wakaweka sahani ya DVD kwenye deki. Mzee Bakari alitokea kwenye runinga, akasalimia, kisha uso wake ukakatika vipande vipande na picha ikaganda. Esta aliitoa, akaifuta kwa kanga, akairudisha. Deki ikakataa kabisa kuisoma. Nakala ya pili nayo vilevile.

"Mama, sisi tumekuja kusikiliza ushahidi," mwenyekiti alisema. "Huu haupo."

Mwezi haukuisha, Mzee Bakari akafariki.

Esta aliomba deki tatu kwa majirani, akakaa nazo siku nzima. Nakala zile zilikwama kwenye zote. Alibandua stika, maana ilikuwa imekaa upande na kuifanya sahani iyumbe inapozunguka. Sahani ikacheza mbele kidogo, kisha ikakwama tena. Mwisho akanunua sahani za aina nyingine, akachoma nakala moja upya kwa kasi ndogo kabisa, bila stika. Ikacheza kwenye deki zote, mwanzo hadi mwisho.

Aliipeleka mwenyewe barazani. Mwenyekiti hakuishika hata kuishika. Hukumu ilikwishaandikwa, shamba limekwenda kwa jirani.

Americo alimsikiliza Esta akieleza habari za kasi na stika, kisha akauliza, "Dada Esta, kabla ya kunipa zile za kwanza, ulizijaribu kwenye deki?"

"Sikuzijaribu, kaka."

Americo aliitikia kwa kichwa. Rufaa hakukata, alisema hana tena mtu wa kumsemea. Msimu wa korosho ulipofika, yeye na mkewe Nilza waliokota kama vibarua kwenye shamba la mtu mwingine, njia ya Ziwani.

Esta aliendelea na harusi zake, ila sasa kila sahani aliichoma polepole na kuijaribu kwenye deki. Wateja walilalamika kwamba amekuwa mzito wa kazi, na wengine wakamhama. Hakuwaeleza sababu.